Banda la Gari Dogo, Vifaa vya Bustani Vingi: Jinsi ya Kuvipanga Gari Nalo Likaingia

Kila masika yakikaribia nasimamishwa getini na swali lilelile. Jirani anachungulia banda langu la gari halafu ananiuliza: "Hivi wewe toroli, mashine ya majani na majembe yote hayo unaweka wapi, na gari bado linaingia?" Wa pili anataka kujua kwa nini mashine yake haiwaki wakati mwezi wa tano ilikuwa nzima. Wa tatu ameshakubali yaishe. Gari lake linalala nje, jua lake, mvua yake, na banda alilolijengea limegeuka kichaka cha mipini. Nimejibu vipandevipande miaka mingi, leo naandika yote kwa pamoja.

Nasema "banda la gari" kwa makusudi, maana ukitaja gereji watu wanawaza mafundi. Naongelea kile chumba cha pembeni mwa nyumba, mara nyingi mita 3 kwa 6, chenye geti la chuma na paa la bati. Mimi naishi pembezoni mwa Dar es Salaam: ukoka mbele, ua wa michongoma, migomba na tuta la mchicha nyuma. Kwa hiyo mifano yangu ni ya pwani, kwenye joto, unyevu na hewa ya chumvi. Kama uko Arusha au Njombe, fuata hatua hizihizi, ila kutu kwako itachelewa kidogo.

Ukikumbuka jambo moja tu, kumbuka hili: sakafu ni ya gari. Chochote kinachoweza kutundikwa, kitundikwe.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Futi ya kupimia na kipande cha chaki
- Ubao wa mbili kwa nne (nchi 2 kwa 4) uliotiwa dawa ya mchwa, urefu wa mita 3
- Skrubu ndefu za nchi 4 na plagi zake za plastiki za ukutani
- Drili yenye biti ya zege (azima kwa fundi umeme, usinunue kwa kazi ya siku moja)
- Misumari ya nchi 4, nyundo, pima maji
- Brashi ya waya, msasa, tupa ya kunolea
- Oili safi ya injini, robo lita inatosha, na matambara
- Rimu ya zamani ya gari, nchi 13 au 14
- Kipande cha mpira wa maji uliochakaa, kama mita 2
- Kabati dogo au sanduku lenye kufuli
- Paleti moja ya mbao
- Glavu ngumu na viatu vya kufunika vidole

Kazi yenyewe ni ya siku moja kwa watu wawili. Chagua siku ya jua. Usianze saa tisa alasiri, utalazwa na vitu nje.

Hatua kwa hatua

1. Toa kila kitu nje.

Kila kitu, na ndoo za rangi zilizokauka usiziache. Vaa glavu na viatu kabla hujagusa rundo la kona, na usiingize mkono mahali usipopaona. Vuta vitu kwa reki kwanza. Nge wanapenda chini ya magunia, na nyuma ya mabati yaliyoegemezwa unaweza kumkuta nyoka anayefuata panya wako.

Ukishatoa, gawa mafungu matatu: vinavyotumika kila wiki, vinavyotumika kwa msimu, na vibovu. Fungu la tatu ndilo lenye ugomvi. Reki isiyo na meno, mpira uliopasuka sehemu nne, mpini bila jembe: kila kimoja kitakuambia "nitakuja kutengenezwa". Kipe wiki mbili. Kisipotengenezwa, muuzie wa vyuma chakavu. Usianze kutundika kabla hujalimaliza fungu hilo, la sivyo utapoteza ukuta mzuri kwa takataka.

2. Pima banda gari likiwa ndani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanapima banda tupu, wanafurahi, wanajenga rafu ya futi mbili, jioni gari linarudi na mlango haufunguki.

Ingiza gari kama unavyoliingiza siku zote. Fungua mlango wa dereva mpaka unapoweza kushuka bila kujikunja, kisha chora kwa chaki sakafuni. Fungua na buti la nyuma, uone linapofika juu. Zungusha chaki gari zima. Nje ya mstari huo ndiyo ardhi yako.

Tuchukue mfano wa IST, maana nusu ya mtaa wanayo. Ina upana wa karibu mita 1.7 na urefu wa karibu mita 3.9. Kwenye banda la mita 3 kwa 6 inakuachia mita 1.3 za upana. Dereva wetu anakaa kulia, kwa hiyo upande wa kulia acha sentimeta 75 za kushukia. Kushoto zinabaki 55. Ukipunguza hapo nafasi ya kioo cha pembeni na ya kosa la kuegesha usiku, utabaki na sentimeta 30 hivi za kutundikia vitu ukutani. Abiria washuke nje kabla ya gari kuingia, watazoea. Mbele ya gari, ukiacha nafasi ya kufunga geti nyuma, unapata zaidi ya mita moja, na hapo ndipo mahali pa vitu vinene kama mashine na toroli.

Kwa gari kubwa lenye upana wa mita 1.9 hesabu inabana sana. Ukuta wa kushoto utabeba vitu vyembamba tu, na vinene vyote vitapangwa mbele au vitahamia nje, nitakuonyesha wapi.

3. Safisha na kausha kabla ya kutundika.

Jembe lenye udongo mbichi ni jembe linaloota kutu, hasa kwetu pwani. Kwangua udongo kwa kijiti, osha, kausha juani nusu saa, pitisha brashi ya waya penye wekundu. Makali yaliyokufa yapige tupa sasa hivi, maana ukishatundika hutarudi. Kisha loweka tambara kwa oili safi, paka utando mwembamba kwenye chuma, ufute unaozidi. Chuma king'ae tu, kisidondoshe.

Najua wengi mnatumia oili chafu ya gari. Kwa nguzo za uzio sawa, lakini usiipake kwenye mpini unaoushika kila siku. Inakuchafua na si salama kwa ngozi. Mpini unataka msasa mwepesi tu kuondoa vibanzi.

Kwa vifaa vidogo, kama mkasi wa maua na vijiko vya kupandia, jaza ndoo ya lita 10 mchanga mkavu, changanya na kikombe cha oili, ukimaliza kazi unachomeka vifaa humo. Mchanga unasugua, oili inakinga. Ila uwe mchanga wa mto! Mchanga wa ufukweni una chumvi, utavila vifaa vyako huku ukidhani unavitunza.

4. Funga ubao wa kutundikia.

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapotoa sauti nzito, tofali ni zima. Panaposikika tupu, sogea. Toboa katikati ya tofali. Mstari wa udongo kati ya tofali na tofali una mchanga mwingi kuliko saruji siku hizi, na skrubu haishiki hapo.

Funga ubao wa mbili kwa nne umelala, kimo cha mita 1.7 kutoka sakafuni, skrubu moja kila sentimeta 60. Tumia pima maji. Kisha pigilia misumari ya nchi 4 miwiliwili, ikiinama juu kidogo. Kati ya msumari na mwenzake acha sentimeta 5, mpini upite katikati na kichwa cha jembe kikae juu kama mtu aliyeshikilia ukuta kwa viwiko. Kutoka jozi moja hadi nyingine acha sentimeta 20 kwa majembe na 40 kwa reki, kwa sababu reki ni pana.

Umepanga na mwenye nyumba hataki matundu? Simamisha mbao mbili wima kutoka sakafuni hadi kenchi, zifunge kwenye kenchi kwa kamba ya katani au waya, halafu pigilia ubao wa kutundikia katikati yao. Ukihama unaondoka nao. Njia ya haraka zaidi ni paleti: isimamishe wima ukutani, ifunge isianguke, chomeka mipini katikati ya mbao zake. Haipendezi sana lakini inafanya kazi.

5. Tundika kwa mpangilio wa matumizi.

Karibu na mlango weka vya kila wiki: reki, ufagio wa chelewa, jembe dogo. Mwisho kabisa weka vya msimu. Beleshi (wengine mnasema chepe) lenye mkono wa pembetatu linaning'inia kwa mkono wake kwenye msumari mmoja.

Panga na fyekeo vinataka uangalifu wake. Chukua ule mpira uliochakaa, kata kipande chenye urefu wa makali, upasue kwa wembe upande mmoja, uvalishe kwenye makali kama ala. Kisha tundika juu, mtoto asipofikia, makali yakielekea ukutani. Nilianza kufanya hivi baada ya fyekeo kudondoka na kuchana tairi la baiskeli ya mwanangu. Lilikuwa tairi, nikashukuru.

Kosa la kawaida hapa ni kuvibananisha. Kama kutoa reki kunakulazimu kutoa majembe mawili kwanza, baada ya wiki moja reki itaegemezwa ukutani, na vingine vitaifuata.

6. Mpira wa maji usiutundike kwenye msumari.

Huu ndio ugomvi wangu mkubwa na watu. Mpira ukining'inia kwenye msumari mmoja, uzito wote unakaa pale pembamba. Baada ya miezi michache unajikunja palepale, maji hayapiti, na siku moja unapasuka hapohapo. Nimeharibu mpira mpya wa mita 30 kwa namna hiyo, nikailaumu bidhaa, kumbe msumari.

Funga ile rimu ya zamani ukutani kwa skrubu mbili. Chomoa mpira kwenye bomba, mwaga maji yote ukitembea kutoka mwanzo hadi mwisho huku mpira ukiwa begani, halafu uviringishe kwa duara pana juu ya rimu. Duara likikataa na mpira ukajipinda, usiulazimishe. Ulaze wote uwanjani jua la asubuhi dakika kumi na tano, utalainika. Ndani ya tundu la rimu weka vichwa vya kunyunyizia na viunganishi, maana hivyo ndivyo hupotea kwanza.

Usiuache nje kwa sababu tu "ni plastiki". Jua la hapa linaukausha hadi unapata nyufa kama kisigino.

7. Mashine ya majani.

Iache ipoe kabisa. Vuta waya wa plagi ya moto uuweke mbali na plagi kabla hujapeleka mkono chini. Kisu kinaweza kuzungusha injini ikawaka ukiwa umekishika. Ilaze ubavu ambao kichujio cha hewa kinabaki juu. Ukiilaza kinyume, oili inaingia kwenye kichujio na kabureta, na utaona moshi mweupe wa kutisha siku ya kuwasha. Kwangua nyasi zilizoganda chini kwa kipande cha mbao. Nyasi mbichi zikikauka pale zinashika unyevu na bati linatoboka mapema.

Sasa mafuta. Kuanzia mwezi wa sita ukoka wetu unapunguza kasi, na mashine inaweza kulala hadi vuli. Petroli ikikaa miezi miwili mitatu kwenye tangi inachacha. Kwa hiyo funga koki ya mafuta kama ipo, washa, iache iungurume hadi ijizime yenyewe. Iliyobaki tangini inyonye kwa mpira mdogo wenye pampu ya mkono, usiinyonye kwa mdomo. Kama ni petroli tupu na bado ni nzuri, mimina kwenye gari la petroli. Gari lako likiwa la dizeli, usithubutu. Na mafuta yaliyochanganywa oili, ya mashine za kufyeka za begani, yasiingie kwenye gari lolote. Yatumie kwenye mashine yake au mpe mwenye mashine kama hiyo.

Kunja mkono wa mashine ukiangalia kebo isibanwe kwenye maungio. Iweke mbele ya gari. Kuisimamisha wima inaokoa nafasi, nakubali, lakini mashine nyingi za petroli zitavuja oili na mafuta. Simamisha tu kama kitabu chake kinaruhusu au kama ni ya umeme.

8. Toroli na bomba la dawa.

Toroli lisimamishe gurudumu chini, mikono juu, beseni likitazama ukuta, kisha ulifunge kwa mnyororo mfupi kwenye ndoano. Bila mnyororo litaangukia boneti, si kama, ni lini. Ndani ya beseni lisitulie hata kikombe cha maji. Hivyohivyo ndoo na keni za kumwagilia: pindua. Dar imepata milipuko ya homa ya dengi, 2014 na 2019, na yule mbu wake huzaliana kwenye maji machache ya namna hiyo.

Bomba la mgongoni la kupulizia dawa lioshe mara tatu kwa maji safi, kila mara ukipampu maji yapite hadi kwenye pua. Maji hayo yarudishe palepale ulipopulizia, yasiende mtaroni wala karibu na kisima. Kisha tundika bomba kichwa chini, mfuniko wazi, likauke. Kama unatumia dawa ya magugu, iwe na bomba lake peke yake, liandikwe kwa rangi nyekundu. Mabaki kidogo tu ya dawa ya magugu yanaweza kuunguza nyanya zako wiki ijayo, ukabaki kumlaumu muuza mbegu.

9. Petroli, sumu na mbolea: vitu vitatu, sehemu tatu.

Hii usiipite haraka.

Petroli ikae kidogo, lita tano au chini ya hapo, kwenye kidumu cha kuhifadhia mafuta chenye mfuniko unaokaza. Dumu la maji ya kunywa halifai. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa sakafuni hadi ukutane na moto. Wengi wetu kwenye banda hilohilo tuna friza ya barafu, mtungi wa gesi, gunia la mkaa, hata jiko siku za mvua. Cheche ya friza inatosha. Kama una kimojawapo cha hivyo, petroli itoke nje kabisa, ikae kivulini kwenye sanduku lenye matundu ya hewa na kufuli. Na usijaze mafuta mashine yenye moto ndani ya banda.

Dawa za wadudu na magugu zifungiwe kwenye kabati, ndani ya chupa zake za asili zenye maelezo. Usihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa siku moja, hata ukiandika juu. Mtoto hasomi, na mgeni mwenye kiu hasomi pia.

Mbolea ikae juu ya paleti, mbali kidogo na ukuta. Urea inanyonya unyevu hadi inakuwa donge. Funga mfuko vizuri, kisha uuingize kwenye ndoo yenye mfuniko. CAN na mbolea nyingine za naitreti zinachochea moto, kwa hiyo zisikae karibu na petroli wala mkaa. Na mbolea yoyote isikae chini ya majembe: vumbi lake na unyevu wa pwani ni kutu ya haraka.

10. Juu ya kenchi, vitu vyepesi tu.

Neti ya kivuli, fito za nyanya, vyungu vya plastiki vitupu, ngazi nyepesi ya alumini. Laza mbao mbili juu ya kenchi, funga mzigo kwa kamba. Usiweke chochote ambacho usingependa kikudondokee kichwani, na kama kuna silingi bodi, usiweke kitu juu yake kabisa. Haijatengenezwa kubeba mzigo.

11. Funga.

Mashine pitisha mnyororo kwenye fremu na kwenye ndoano ya ukutani. Panga, sururu na ngazi navyo vifungwe, kwa sababu kibaka akivikuta wazi hataondoka navyo tu, atavitumia kufungulia dirisha lako.

Kama huna banda kabisa, au limejaa

Angalia chini ya mnara wa simtanki. Karibu kila nyumba yenye tangi ina nguzo nne na nafasi tupu katikati, watu wanatupia matofali pale. Zungushia wavu wa chuma pande tatu, weka kimlango chenye kufuli, bati dogo la mwinamo juu kwa ajili ya maji ya kufurika, na sakafu ya zege jembamba au angalau matofali. Mimi toroli na fito zangu ziko hapo mwaka wa tatu sasa. Mashine sikuiweka, unyevu ni mwingi.

Chini ya ngazi za ghorofa panafaa kwa majembe na mpira, lakini petroli isiwekwe hapo kamwe, maana ndiyo njia yenu ya kukimbilia moto ukitokea. Kwa wanaoishi nyumba za kupanga zenye uwanja mmoja, kuna njia bora kuliko zote na haihitaji msumari: wapangaji wanne hawahitaji mashine nne. Nunueni moja, pangeni nani anaitunza na nani anatia mafuta. Andikeni, maana ya mdomo huishia kwenye ugomvi.

Mambo yakienda kombo

*Mashine haiwaki baada ya kulala.* Kabla ya kumwita fundi, mwaga petroli ya zamani, weka mpya, safisha plagi ya moto kwa brashi ya waya, jaribu tena. Ikigoma, tatizo huwa kabureta. Mwaka nilioacha mafuta ndani kuanzia Juni hadi Oktoba, fundi alifungua kikombe cha kabureta mbele yangu. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi, na kwenye kile kitundu kidogo cha shaba kulikuwa na gundi ya njano yenye ukubwa wa punje ya mtama. Alikizibua kwa uzi mmoja wa waya wa umeme, akavuta kamba mara mbili, ikawaka. Punje ya mtama ilinilaza ukoka mwezi mzima.

*Ubao unang'oka ukutani.* Umetoboa kwenye mstari wa udongo au tofali ni bovu. Usirudie tundu lilelile na plagi kubwa zaidi. Sogeza sentimeta 10, toboa katikati ya tofali. Ukuta wote ukiwa mbovu, tumia mbao za wima zinazoshikwa na kenchi.

*Kutu inarudi ndani ya wiki mbili.* Ama unatundika vyuma vikiwa na maji, ama banda halipumui. Toa tofali moja juu nyuma, weka tofali la matundu, na usifunge geti gari likiingia limelowa mvua hadi limwage maji yake.

*Njia za udongo za mchwa zinapanda ukutani.* Bomoa njia, fuata hadi zinakotokea, tibu hapo. Hakikisha hakuna mpini, paleti wala ubao unaogusa udongo moja kwa moja. Weka tofali chini ya miguu ya paleti, na uwe unaichungulia kila mwezi.

*Panya wametafuna mpira na waya.* Wamefuata mbegu au chakula cha kuku. Hamishia kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko kwanza, mtego baadaye. Sumu ya panya kwenye nyumba yenye watoto na paka, mimi situmii.

*Gari linagonga mashine mbele.* Hili lilinisumbua hadi mke wangu akalimaliza. Aliegesha gari pale linapotakiwa, akafunga uzi kwenye kenchi, akaning'iniza kandambili moja iliyobaki bila mwenzake mpaka ikagusa kioo cha mbele usawa wa macho ya dereva. Sasa ukiingia usiku unaendesha polepole hadi kandambili iguse kioo, unakanyaga breki. Kila mgeni anauliza ile kandambili ni ya nini.